Kutafuta kazi kunachukua muda gani? Maswali ninayoulizwa kila siku hapa stesheneri

Nina stesheneri ndogo karibu na chuo hapa Dar, kompyuta mbili, mashine moja ya fotokopi na printa inayogoma kila mvua ikinyesha. Nusu ya wateja wangu ni watu wanaotafuta kazi, wanakuja kuskani vyeti, kujaza Ajira Portal (mtandao wa serikali wa kuombea kazi), kuchapa CV, na wakishakaa kwenye lile benchi wanauliza maswali yale yale. Nimeamua niyaandike sehemu moja ili mtu akiniuliza nimtumie linki tu niendelee na fotokopi. Mi sio afisa ajira wala mwanasheria, nilisomea takwimu afu nikakaa kitaa, kwahiyo vyote viwili navijua kiasi.

Nimemaliza chuo mwezi wa saba, ntakaa kitaa muda gani?

Inategemea unagonga mlango gani.

Serikalini mlolongo unajulikana. Tangazo linatoka, mara nyingi linakaa wazi kama wiki 2, maombi yanachujwa, majina ya walioitwa yanatoka, unaenda kufanya mchujo wa kuandika, kuna kada zina usaili wa vitendo kama madereva, afu mahojiano ya ana kwa ana, afu ndo unasubiri kupangiwa kituo. Kila hatua ina kusubiri kwake na hakuna anayekuambia kusubiri huko ni siku ngapi, kwahiyo we hesabu miezi, usihesabu wiki. Na ukifaulu mahojiano ila nafasi zikawa zimejaa jina lako linawekwa kanzidata, yani umefaulu ila kazi huna, nafasi ikitokea wanaweza kukuchukua humo. Walimu ndo wanaisikia hii zaidi sa hivi maana zamani ualimu ulikuwa unapangiwa shule moja kwa moja, siku hizi na wao wanafanya usaili kama wengine.

Kampuni binafsi ni kinyume chake. Nimeona mtu katuma CV Jumatatu, Alhamisi kashaitwa, na nimeona mtu katuma 60 hakuna hata moja iliyojibiwa "tumepokea".

Ninachowaambia wote ni kwamba ugawe muda wako mafungu mawili, muda wa kutafuta na muda wa kusubiri. Chukua mwaka mzima wa mtu aliyesota afu mwambie akutajie siku ambazo kweli alitafuta, aliandika barua, alienda ofisini, alipiga simu. Hazifiki hata miezi miwili. Siku zingine zote alikuwa anasubiri mkeka utoke, yani orodha ya majina ya walioitwa. Sasa kutafuta kunakutaka wewe mwenyewe uwepo, kusubiri hakukutaki, unaweza ukasubiri huku unauza chipsi.

Mbona kila mtu ana namba yake? Mmoja anasema miezi 3, mwingine miaka 6

Hapa naomba univumilie maana ndo somo langu. Fikiria nyumba ya kupanga ya vyumba 6 pale Manzese. Vyumba 5 wamo wapangaji wa siku nyingi, mama wa chumba cha kwanza kakaa miaka 10 mpaka anaitwa mwenye nyumba. Chumba cha 6 kina joto na kiko karibu na choo, kila mwezi anaingia mpangaji mpya na mwisho wa mwezi anahama. Kwa mwaka mzima nyumba imepata wapangaji 17, na 12 kati yao wamekaa mwezi mmoja tu. Ila ukienda Jumamosi yoyote ukagonga milango yote sita ukauliza "umekaa hapa muda gani", watano watakuambia miaka.

Kijiweni ni hivo hivo. Ukienda kuwauliza walioko kijiweni utapata miaka, kwasababu aliyepata kazi baada ya miezi miwili hayupo tena hapo, yuko kazini na wala hana muda wa kuja kubishana mpira saa 4 asubuhi. We unawaona waliobaki unasema "hali ni mbaya kila mtu ana miaka minne". Hali ni ngumu kweli sikatai, ila ule muda unaousikia kijiweni sio muda wa watu wote walioanza kutafuta.

Na kuna kosa la upande wa pili. Aliyekuambia "nina miezi 3" hajamaliza, bado yumo, kesho kutwa itakuwa 4. Kwahiyo kumuuliza mtu aliye katikati ya safari safari ina urefu gani ni kujidanganya. Ukitaka namba ya kweli inabidi uwafuate watu tangu siku ya kwanza mpaka kila mmoja apate au akate tamaa, na hiyo ni kazi kubwa na ya gharama ndo maana mitaani hamna.

Nimesoma mtandaoni wastani ni wiki 20, ni kweli?

Hiyo ni ya Marekani. Wao kila mwezi wanafanya utafiti wa majumbani na wanahesabu kwa wiki. Miaka hii ya karibuni wastani wao umekuwa wiki 20 na kitu, ila mtu wa katikati, yani ukiwapanga wote mstari ukamchukua wa katikati, ana wiki kama 10. Tofauti hiyo inaletwa na wachache waliokaa muda mrefu sana wanaovuta wastani juu, wale wapangaji wa miaka 10. Baada ya mtikisiko wa uchumi wa 2008 mambo yaliharibika, mwaka 2011 wastani ulifika kama wiki 40.

Kitu kimoja chao nakipenda, waliwahi kuwatenganisha waliopata kazi na walioacha kutafuta. Mwaka 2010 aliyepata alikuwa ametafuta wiki kama 10, na aliyekata tamaa alikuwa ametafuta karibu mara mbili ya hapo kabla hajaacha. Maana yake watu wanaokata tamaa sio wavivu kama mashangazi wanavyosema, wametafuta kuliko hata waliopata.

Usijipime na hizo wiki lakini. Kule mtu akiachishwa anatafuta kazi ya mshahara kwenye nchi ambayo kazi nyingi ni za mshahara. Hapa kwetu watu wengi wanajiajiri, shambani, sokoni, kwenye bodaboda. Ajira yenye mkataba na pensheni ni mlango mwembamba, ndo maana foleni ni ndefu.

Foleni ndefu kiasi gani?

Juni 2014 Uhamiaji walitangaza nafasi 70, waliojitokeza kwenye usaili walizidi 10,000, ikabidi wapelekwe Uwanja wa Taifa, watu wamekaa majukwaani na peni zao kama wamekuja kuangalia Simba na Yanga. Machi 2025 TRA, mamlaka ya mapato, walikuwa na nafasi 1,596, walioitwa usaili 135,027. Gawanya, ni kama watu 85 kwa nafasi moja. Kwahiyo mtu akikosa hapo asije kwangu analia kwamba hana akili.

Ila na mimi nina la kusema hapo. Ukijua uko 1 kati ya 85, usimalize miezi 5 unasubiri hiyo moja. Omba, sahau, omba nyingine. Wateja wangu wanaofanya usaili wa kwanza afu wanaacha kuaplai kwingine "mpaka majibu yatoke" ndo wanaokaa sana, mi nawaona hapa kwa macho.

Nauza mitumba Karume, afu wikiendi napiga deiwaka (kibarua cha siku) kwenye ukumbi. Mi nina kazi au sina?

Kwa mama yako huna. Kwa kipimo cha kimataifa cha shirika la kazi duniani unayo, maana ukifanya kazi ya kipato hata saa moja ndani ya siku 7 zilizopita unahesabiwa umefanya kazi. Kuwa "hujaajiriwa" kwa kipimo hicho inabidi huna kazi kabisa, uko tayari kufanya, na umetafuta. Tanzania NBS, ofisi ya taifa ya takwimu, wana na tafsiri yao ya kitaifa ambayo ni pana zaidi, inawachukua na waliokata tamaa ya kutafuta ila wako tayari kufanya kazi, na wale wenye vibarua vya kubangaiza visivyo na uhakika. Ndo kwa tafsiri hiyo utafiti wa nguvu kazi wa 2020/21 ulitoa ukosefu wa ajira wa kama asilimia 9, watu wakacheka mitandaoni "asilimia 9 ya wapi". Ni ya kwetu, ila muuza mitumba anayejitegemea yuko upande wa wenye kazi.

Kwahiyo kabla hujaniuliza umekaa muda gani bila kazi, niambie saa yako inahesabu nini.

Nimeomba Ajira Portal mara 20 sijaitwa hata mara moja, wananibania?

Lete simu tuangalie. Nasema hivo kwasababu mara nyingi nikifungua akaunti ya mtu nakuta tatizo liko humo humo. Yanayojirudia:

Majina. Alikuja dada mmoja kaomba mwaka mzima, cheti cha kuzaliwa Khadija, cha form four Hadija, NIDA Khadija tena ila jina la kati limerukwa. Yeye anajua ni yeye, ila anayekagua ana majina matatu mbele yake. Akaenda kwa wakili akafanya kiapo cha majina, tukaskani tukakiweka, tangazo la pili baada ya hapo akaitwa mchujo. Kazi bado hajapata, ila ule mwaka mzima nyuma haukuwa wa kutafuta, ulikuwa wa kutuma karatasi zisizosomeka.

Barua haina sahihi. Watu wanachapa barua nzuri, wanaihifadhi pdf, wanapandisha. Sahihi iko wapi? Printi, saini, skani.

Vyeti. Wanataka cheti chenyewe, ile karatasi ya matokeo ya muda ya chuo hawaipokei. Uliyesoma nje uwe na uthibitisho wa TCU (vyuo vikuu), NECTA (mitihani ya shule) au NACTVET (vyuo vya kati) kutegemea na ngazi. Na muhuri wa wakili usomeke, sio kivuli cheusi.

Mkoa. Siku hizi mchujo mwingi unafanyikia mikoani kufuata mkoa unaoishi uliojaza kwenye akaunti. Kuna kijana kajaza Kigoma kwao wakati anaishi Mbagala, mkeka umetoka anatakiwa Kigoma keshokutwa asubuhi. Nauli hana. Ameukosa usaili kwa kujaza kisanduku kimoja vibaya, inauma.

Na umri, nafasi nyingi za serikali zinataka usizidi 45.

Nimepunguzwa kazi, NSSF wananipa kitu wakati natafuta nyingine?

NSSF, yani mfuko wa hifadhi ya jamii unaochangia ukiwa kazini, wanakupa, na watu wengi hawajui. Kuna fao la kukosa ajira lililoanza na sheria za 2018. Kama umechangia angalau miezi 18, uko chini ya miaka 55 na hujaacha kazi mwenyewe, unalipwa asilimia 33.3 ya mshahara wako kwa miezi 6. Mshahara ulikuwa laki 6, ni kama laki 2 kwa mwezi, jumla milioni 1 na laki 2. Uliyechangia chini ya miezi 18 unalipwa nusu ya michango yako.

Hapo kwenye "hujaacha mwenyewe" ndo watu wanapigwa. Mimi nilipopunguzwa, ofisi niliyokuwepo HR alituita mmoja mmoja akasema andika barua ya kujiuzulu "ili cheti chako cha utumishi kiwe safi". Wenzangu wawili waliandika. Barua ile ndo ikawafungia mlango wa fao, na kwenye kudai fidia pia ikawa balaa. Kama unapunguzwa, wakupe wao barua ya kukupunguza. Usiandike kitu.

Na ukipunguzwa una haki zako kwenye sheria ya ajira ya 2004: notisi ya siku 28 kama unalipwa kwa mwezi au hela yake, kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimiza, mwisho miaka 10, likizo ambayo hujaila na cheti cha utumishi. Ukiona umeachishwa kwa uonevu, CMA (tume ya usuluhishi na uamuzi wa migogoro ya kazi) unaenda ndani ya siku 30. Sio siku 30 baada ya hasira kuisha, ni tangu siku uliyoachishwa. Nishaona mtu anakuja kuchapa fomu siku ya 50, unabaki kumwonea huruma maana hapo anaanza kwanza kuomba aongezewe muda, na anaweza akanyimwa.

Hiyo miezi 6 ya NSSF ichukulie kama nauli ya kutafutia, usiichukulie kama mshahara. Miezi 6 inaisha kabla mlolongo mmoja wa serikalini haujaisha.

Pengo kwenye CV linaniharibia?

Linaweza. Marekani utafiti mmoja uliotoka 2013 walituma CV za kutunga kama 12,000 kwenye matangazo ya kazi, watu wamefanana isipokuwa muda waliokaa bila kazi. Waliokaa muda mrefu waliitwa kidogo, na kushuka kukubwa kulikuwa kwenye miezi 8 ya mwanzo, baada ya hapo hakushuki tena sana. Yani mwajiri akiona umekaa anajiuliza wengine waliona nini.

Sasa pengo la watu wengi wanaokuja hapa sio pengo. Jamaa kaniletea CV imeishia 2022. Namuuliza 2022 mpaka leo umefanya nini, "sijafanya kitu kaka". Tunaongea kidogo, kumbe alikuwa anasimamia duka la mjomba wake la vifaa vya ujenzi Mbezi, anapokea mzigo, anaandika stoo, analipa vibarua. Na yeye ni mhasibu! Tuliandika mistari minne, ya kweli yote. Usidanganye tu, mwajiri akimpigia mjomba ajue cha kujibu.

Koneksheni ndo kila kitu?

Sio kila kitu ila inafupisha. Na koneksheni sio lazima awe mjomba waziri. Mara nyingi ni uliyesoma naye anayekuambia "ofisini kwetu mtu kaondoka jana" kabla halijawa tangazo. Ukijificha nyumbani kwa aibu hiyo taarifa haikufikii, ndo maana harusini nenda.

Kuna wakala anataka elfu 50 ya fomu anitafutie kazi

Hapana. Kanuni za mawakala binafsi wa ajira haziruhusu kumtoza anayetafuta kazi, anayelipa ni mwajiri. TaESA ni huduma ya ajira ya serikali, kujiandikisha ni bure. Na ukiambiwa ni kazi ya Oman au Dubai na uache pasipoti ofisini kwao, toka uende.

Hela ya kutafutia kazi inaisha kabla kazi haijapatikana, nifanyeje?

Hili ndo swali la maana kuliko yote humu na ndo linaloulizwa kwa sauti ya chini. Piga hesabu: bando, muhuri wa wakili, kuskani, nauli, shati la usaili, chakula cha siku hiyo, na usaili ukiwa Dodoma na pa kulala. Mtu akishaishiwa anapunguza kutafuta bila kujijua, anaaplai za karibu tu, anaacha zinazotaka nauli.

Addis Ababa walijaribu hili. Kule matangazo ya kazi yanabandikwa kwenye mbao katikati ya mji, na vijana wanaishi mbali. Watafiti wakawapa kundi moja nauli tu ya kwenda mjini, kundi lingine wakalifundisha kuandika maombi na kujieleza, wakalipima ujuzi na kulipa vyeti vya kuonyesha kwa mwajiri. Kwa muda mfupi makundi yote mawili yalisogea, yakapata kazi zenye uhakika zaidi. Baada ya miaka minne waliobaki na kipato kizuri kuliko wenzao ni wale wa mafunzo na vyeti.

Kwa hapa nawaambia wafanye mambo mawili. Skani vyeti vyote vizuri mara moja, viweke kwenye imeili yako, usije kunilipa mimi kila tangazo (najiharibia biashara najua). Na tafuta kitu cha kuingiza hata elfu 5 kwa siku mapema, wakati bado una akiba, sio ikishaisha. Ukianza na mtaji wa laki unachagua, ukianza na buku mbili unachaguliwa.

We mwenyewe ulikaa muda gani?

Mama anasema miaka miwili na bado, maana kwake stesheneri sio kazi. Kwa hesabu ya NBS labda miezi minne, maana mwezi wa tano tangu nipunguzwe nilishaanza kuchapia watu barua kwa laptopu ya kuazima chini ya mwembe nje ya geti la chuo. Kwa hesabu yangu ni miezi 14, tangu barua ya kupunguzwa mpaka siku nilipolipa kodi ya fremu hii.

Kati ya maombi yote niliyotuma, moja lilijibiwa baada ya miezi 19. Walipiga saa 5 asubuhi, nina foleni ya watu sita na karatasi imekwama kwenye mashine, nikawaambia nitawapigia. Niliwapigia jioni, nikaenda usaili, mshahara waliotaja ulikuwa chini ya ninachopata hapa mwezi wa maombi ya mikopo ya chuo. Nikashukuru nikarudi. Mwezi wa nne fremu huwa haina mtu hata mmoja, na mwezi wa nne huwa naikumbuka sana ile simu.